Makopo ya Hidaya

Moyo huona wivu, mkono wa mkulima huona kiu. Mmemsikia fundi Kaniki akiyasema maneno hayo leo, alipoulizwa kwa nini anaitengeneza cherehani ya mshindani wake ilhali uso ameukunja namna ile. Mkacheka, kisha mkaja kwangu kuniuliza yametoka wapi. Haya, kaeni vizuri, na wewe mwenye simu iweke chini. Methali hii si ya wahenga wa zamani sana, wala hakuna aliyekaa kitako akaitunga. Ilimtoka mwanamke mmoja mwenye hasira, akiwa ngazini na ndoo ya maji, na mwanzo wake ni huu.

Huko milimani, upande wa Lushoto, alikuwako mwanamke aliyeitwa Bi Mwantumu. Mumewe alifariki mapema, akamwachia mtoto mmoja wa kiume, Mbaruku, na shamba la matuta lililong'ang'ania ubavu wa mlima. Kwa shamba hilo Bi Mwantumu alimlisha mwanawe, akamvisha, akamsomesha. Mboga zake zilijulikana kijiji kizima. Mtu akienda gengeni hakuulizia mchicha tu, aliulizia mchicha wa Mwantumu.

Mbaruku mwenyewe hakulipenda jembe. Ukimtuma akapalilie, utamkuta kajilaza migombani anahesabu mawingu. Alipokua akashuka Tanga, akapata kazi kwenye gari moshi, akaoa binti wa Pangani, jina lake Hidaya. Mama mtu hakuona ubaya. Kila wiki alijaza tenga la mboga, akampa kondakta wa basi alifikishe mjini. Moyoni alijua kwamba mwanawe ameoa, ndiyo, lakini bado anakula kutoka mkononi mwa mama yake. Hilo lilimtosha.

Masika moja matope yalimtelezesha, akaporomoka tuta hadi tuta, akavunjika mguu. Mguu ukaunga vibaya. Mbaruku akapanda mlima kumfuata.

"Mama, matuta haya si ya mguu huo. Twende kwangu."

Shamba likabaki kwa mdogo wa marehemu mumewe, na Bi Mwantumu akashuka mlima akitazama nyuma mpaka shingo ikamuuma.

Mbaruku alikaa ghorofa ya tatu, katika jengo moja karibu na stesheni. Bi Mwantumu alipomaliza zile ngazi, huku akihema, kitu cha kwanza kumpokea kilikuwa majani. Roshani nzima ilikuwa imejaa makopo ya maziwa, ndoo za rangi, madumu yaliyokatwa midomo, hata sufuria kuukuu iliyotoboka. Ndani yake mlikuwa na mchicha, bamia, pilipili, nyanya zilizoegemea vijiti, na mrehani ulionukia hadi ngazini.

"Nani analima hapa?" akauliza.

"Hidaya huyo, mama," Mbaruku akajibu kwa majivuno. "Subiri uone utakachokula leo."

Walikula ugali na mchicha wa nazi. Hidaya alimnawisha mama mkwe wake, akamsogezea bakuli, akakaa pembeni kwa adabu. Mbaruku alikula mpaka akalamba vidole.

"Onja, mama. Umekatwa sasa hivi, bado una uhai. Unajua, lile tenga lako lilikuwa likifika limenyauka. Hidaya akaona bora aanze haya makopo yake."

Aliyasema bila ubaya wowote, kama wanaume wanavyosema mambo huku wakitafuna. Hidaya aliinamisha macho. Bi Mwantumu alilimeza tonge lile kama anayemeza kokoto. Kumbe miaka yote ile, asubuhi zote zile za umande, alikuwa akituma mboga zilizonyauka, nao wakizipokea kwa kumhurumia!

"Una ladha ya kutu," akasema, akalisukuma bakuli.

Tangu siku hiyo wivu ukahamia kifuani mwake na mizigo yake yote. Wivu wa mama kwa mke wa mwanawe ni jambo la kale, wala sitawaambia kwamba yeye ndiye aliyeuanzisha. Lakini wa kwake ulikuwa na rangi ya majani. Majirani wakiwa uani hupaza sauti, "Hidaya, nirushie mrehani kidogo!" na Hidaya hukata, akarusha, wakashukuru. Yeye, aliyelisha kijiji, hapa walimwita mama mkwe wa Hidaya. Jina lake hawakuwa hata na haja nalo.

Lakini lililomchoma zaidi lilikuwa la asubuhi. Kabla ya kwenda kazini Mbaruku alikwenda roshani kumsaidia mkewe kuyageuza makopo ili upande wa pili nao upate jua. Viroba vya udongo na samadi alivibeba mwenyewe begani, ngazi zote zile, akiimba. Yule aliyekuwa akijificha migombani! Bi Mwantumu alimtazama kutoka nyuma ya pazia, akajiambia, Mimi nilimwomba anishikie jembe tu, akanikimbia. Huyu amempa nini?

Chini kabisa, mlango wa kwanza, alikaa Bi Kidawa, mwanamke aliyechoma vitumbua na ambaye habari zote za jengo zilipitia kwenye kikaango chake. Bi Mwantumu alizoea kushuka polepole na mkongojo wake, akakaa naye.

"Kilimo gani hicho, shoga yangu? Anaipimia mimea udongo kwa kijiko, kama dawa ya kifua!"

Bi Kidawa akageuza vitumbua vyake. "Wewe cheka tu. Mwanamke akishamshika mwanao tumbo, mama mtu unabaki mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja, kapona nani?"

Maneno kama hayo Bi Mwantumu alipanda nayo ngazi, yakawa mazito kuliko mguu.

Kulikuwa na nyanya moja nono ambayo Hidaya aliifunga uzi mwekundu, aiache iive kupita kiasi apate mbegu. Siku moja Hidaya alipokwenda sokoni, Bi Mwantumu aliichuma, akainyunyizia chumvi, akaila pale pale amesimama. Hidaya aliporudi akauona uzi unaning'inia mtupu.

"Mama, ile nyanya..."

"Nimeila. Au za hapa haziliwi?"

"Zinaliwa, mama," Hidaya akasema. Akaufungua uzi, akaufunga kwenye nyingine iliyokuwa ndogo, akaingia jikoni. Hakununa. Na Bi Mwantumu alitamani mno anune. Mtu asiyenuna hana pa kumshikia.

Ikawa Mbaruku amesafiri na gari moshi kwenda bara, ndipo habari ikaja kutoka Pangani kwamba mama yake Hidaya ni mgonjwa sana. Hidaya akafunga kibegi chake haraka. Mlangoni akasita, akaangalia roshani, akamwangalia mama mkwe wake, akauangalia na ule mguu.

"Mama, nimwombe Bi Kidawa awe anapanda kumwagilia?"

Hidaya aliuwazia mguu. Bi Mwantumu alisikia tusi.

"Nimeshika jembe kabla hujazaliwa. Nenda kamuuguze mama yako."

"Basi nakuachia, mama. Ila kopo halina akiba kama shamba. Likikosa maji siku moja tu, linalia."

"Nimesikia."

Mlango ulipofungwa, Bi Mwantumu akabaki peke yake na yale majani. Akayaambia, "Mimi na nyinyi hatujuani." Akaapa hatagusa hata kopo moja.

Ilikuwa kaskazi, jua la Tanga linakausha hata mate. Alivuta pazia akakaa ndani. Jioni akachungulia: mchicha umelala chali, mrehani umeinamisha vichwa. Akaona raha, raha ile ya kukuna kipele, tamu huku inawasha. Akaanza kujifanyia mazoezi ya atakayosema Hidaya akirudi na kukuta vijiti vitupu. "Pole, mwanangu. Lakini kopo ni kopo." Akaijaribu kwa sauti ya huruma. Akaijaribu tena kwa kutikisa kichwa. Akamwona Mbaruku akiyatupa yale makopo jalalani, kisha akisema, Mama, lile tenga lako lilikuwa na baraka zake. Usingizi ukamchukua akitabasamu.

Siku ya pili, baada ya kuswali alasiri, alikwenda roshani kuanua kanga yake, birika la udhu bado liko mkononi. Ule mnyanya wenye uzi mwekundu ulikuwa umepinda mpaka tunda linakaribia kugusa sakafu, majani yamejikunja kama vidole vya mgonjwa. Bi Mwantumu alipita. Alinyoosha mkono mmoja kwenye kamba ashike kanga, na alipokuja kujua, mkono wa pili ulikuwa umeshaliinamisha birika.

Akashtuka, akaurudisha mkono kama aliyegusa jiko. Lakini maji yalikwisha kuingia, na udongo mkavu ulikuwa unayafyonza ukitoa ule mlio wake mdogo. Mlio huo hakuwa ameusikia tangu ashuke mlima. Alisimama akausikiliza mpaka ukanyamaza.

"Nimefanya nini?" akasema.

Akataka kuingia ndani. Lakini kopo la pili lilikuwa hapo hapo, linatazama. Nani awezaye kumnyonyesha pacha mmoja akamwacha mwenzake analia? Akaenda kwenye pipa, akajaza birika, akarudi. Alinywesha makopo yote, na kila moja alilipa tusi lake. "Kunyweni, wajeuri nyinyi! Kunyweni, mnenepe, mumfurahishe bibi yenu!"

Tangu hapo kila siku aliapa, na kila siku akaasi kiapo. Akagundua pia kwamba udongo wa kopo haunywi kama wa mlima. Ukiumwagia kwa pupa, maji yanapenya yote na kutokea chini pamoja na rutuba yake. Ikambidi achote kwa kiganja, atone kidogo kidogo. Mashina yaliyolegea akayapandishia udongo, kama wafanyavyo kwao kuzuia mmomonyoko. Na muda wote huo moyo wake haukupoa. Kila jani lililosimama lilimwuma. Alijua fika sifa zitakwenda kwa nani.

Kisha maji yakakatika mji mzima. Pipa likaisha. Bomba la juu likakohoa upepo, na lililobaki likidondosha ni lile la uani, tena alfajiri tu.

Bi Mwantumu akafurahi. Sasa si mimi, akajiambia, sasa ni majaliwa. Akachemsha chai kwa maji yake ya mwisho ya kunywa, akakaa. Alipoinua kikombe akauona mchicha kupitia mlangoni. Akakiweka chini. Akakiinua. Chai ikampoa mkononi bila kuionja, na hatimaye akaimwagia bamia, majani ya chai na yote, akachukua ndoo ndogo na mkongojo, akafungua mlango.

Kushuka kulikuwa na nafuu. Kupanda ndiko kulikokuwa na mambo. Aliitanguliza ndoo ngazi moja, akaushika ukuta, akauvuta mguu uifuate, akapumzika. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Mguu ukavimba ukawa kama shina la mgomba. Asubuhi moja Bi Kidawa, aliyekuwa akiwasha jiko lake, akashindwa kuvumilia. Akamfuata mpaka kwenye kona ya ngazi, akamkuta amekaa, ndoo iko magotini.

"Bi Mwantumu, una nini wewe?"

"Napeleka maji."

"Naona. Nauliza una nini. Si huyu huyu Hidaya uliyeniambia kakupokonya mwanao? Si makopo haya haya uliyoyaombea mabaya ukiwa umekaa barazani kwangu, unakula vitumbua vyangu?"

"Ndiyo haya."

"Basi yaache yafe! Maji hakuna mji mzima. Jua kali. Mguu huo mtu hata akiuona kwa mbali anakuonea huruma. Nani atakulaumu? Hata mwanao hatasema neno."

"Hakuna atakayenilaumu," Bi Mwantumu akakubali.

"Au wivu umekwisha?"

Bi Mwantumu akamtazama kwa macho makali. "Umekwisha? Kidawa, namwonea wivu yule msichana mpaka chakula hakipiti. Usiku nikifumba macho naona mrehani wake. Leo hii ukiniambia yamekauka yote yenyewe, nitapiga vigelegele."

"Sasa?"

"Sasa nini? Moyo wangu huona wivu. Mkono wangu huona kiu." Akauinua ule mkono, umepasuka pasuka, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nimeushikisha jembe tangu utotoni, haujui jina la mtu. Ukiona jani limelala, unakwenda. Nifanyeje, niukate?"

Bi Kidawa alifungua kinywa, akakosa la kutia humo, na walioishi jengo lile watawaambia kwamba jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Mwishowe akaichukua ndoo. Bi Mwantumu akampokonya.

"Acha. Utayamwagia maji kama unaosha sufuria."

Akapanda mwenyewe.

Hidaya alirudi siku ile ile aliyorudi mumewe, mama yake akiwa amepata nafuu. Hata kabla hawajafika mlangoni, majirani walikwisha kuwapokea uani, shingo zimeinuliwa kuelekea roshani, ambako mchicha ulikuwa umefurika ukingoni na nyanya zinawaka.

"Hidaya, mikono yako ina baraka!" mmoja akasema. "Mji mzima umekauka, wewe hata ukisafiri mimea yako haifi!"

Bi Mwantumu aliyasikia hayo akiwa juu, nyuma ya pazia. Nusura atoe kichwa apige kelele, Ni mimi! Ni mguu wangu! Lakini aliona aibu kudai sifa za kitu alichokiombea kifo. Akakaa kitini, akainua uso kama asiyejua lolote.

Hidaya aliingia, akaamkia, akaenda roshani. Alikaa huko muda mrefu. Aligusa mashina yaliyopandishiwa udongo, jambo ambalo yeye hakuwahi kulifanya maishani mwake. Aligeuka, akauona mguu wa mama mkwe wake umewekwa juu ya mto. Akakata mchicha, akakuna nazi.

Walipokaa kula, Mbaruku akasifu kama kawaida yake. "Ah, Hidaya, mchicha wako leo..."

"Si wangu," Hidaya akasema. "Mimi niliacha mbegu zilizoota tu. Huu kaupandisha mama ngazini, ndoo kwa ndoo, kwa mguu ule. Bi Kidawa kanisimulia pale chini."

Mbaruku akaacha kutafuna. Akamgeukia mama yake, macho yamemlegea.

"Usinitazame hivyo," Bi Mwantumu akamkatiza. "Sikufanya kwa mapenzi. Mkeo namwonea wivu, tangu siku niliyoingia humu. Ndivyo ilivyo, nimesema."

Mbaruku hakujua aweke wapi mikono yake. Hidaya ndiye aliyejibu.

"Najua, mama. Nami nilikuwa nakuonea wewe."

"Mimi? Una nini cha kunionea mimi?"

"Tenga. Kila lilipofika, huyu alilifungua kama mtoto anayefungua zawadi. Mboga zimenyauka, zingine zimeoza kabisa, naye anasema hakuna mboga duniani kama za mama. Mimi nikipika nyama, haoni. Nikipika samaki, haoni. Ndipo nikatafuta kopo la kwanza." Akameza mate. "Sikuanza kwa sababu mboga zilinyauka. Nilianza kwa sababu hata zikinyauka, alizipenda."

Bi Mwantumu akabaki na tonge mkononi. Alimtazama mkwewe muda mrefu, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha akageuka, akamtazama mwanawe, lile pande la mtu lililokaa katikati yao na mchuzi kidevuni, lisiloelewa kitu.

"Kwa ajili ya huyu," akasema.

Hidaya akajaribu kujizuia, akashindwa. Wakacheka, wanawake wawili, mpaka Bi Mwantumu akaushika mguu wake kwa maumivu.

Msidhani wivu uliishia hapo. Waliendelea kuoneana wivu maisha yao yote. Roshani ikagawanywa, upande huu wa mama, upande ule wa Hidaya, na kila mmoja alichungulia kwa jicho la pembeni Mbaruku anachuma wapi kwanza. Waligombana juu ya samadi. Waligombana juu ya jua. Lakini mmoja akiugua au akisafiri, mwenzake alinywesha pande zote mbili, huku amenuna, na halikukauka hata kopo moja.

Bi Kidawa, kwa upande wake, hakuweza kukaa na neno zuri kama lile bila kuligawa. Alilitoa pamoja na vitumbua. Wanunuzi wakalibeba sokoni, stesheni, hospitalini, likakutana na mkunga aliyemzalisha mke mwenza wake, na mwashi aliyenyoosha ukuta wa adui yake kwa sababu hakuweza kuuacha umepinda. Nalo likawafaa. Ndiyo maana, wanangu, mkimwona mtu anatenda jema huku uso ameukunja, msikimbilie kumwita mnafiki. Mwulizeni amejifunza kazi gani, na kwa muda gani. Moyo huona wivu, mkono wa mkulima huona kiu.